Kabla ya Kuuliza Inchi, Uliza Kilo

Swali la kwanza linaloulizwa kwenye duka la magodoro, liwe Kariakoo, Mwanjelwa au Gikomba, karibu siku zote ni moja: la inchi ngapi? "Karibu mama, tano kwa sita ipo, inchi nane ipo, kumi ipo," muuzaji hujibu, naye mteja hubonyeza godoro kwa kiganja mara mbili tatu, hutazama maua ya kitambaa, kisha mapatano ya bei huanza. Baada ya muda mfupi godoro limekunjwa, limefungwa kamba na kupakiwa kwenye bodaboda. Kitu ambacho familia itakilalia kila usiku kwa miaka kadhaa kimenunuliwa bila mtu yeyote kukilalia hata mara moja.

Inchi zinaeleza unene, basi. Hazisemi kilichomo ndani, wala godoro litakaa muda gani kabla halijafanya shimo pale kiuno kinapotua. Ndiyo maana majirani wawili wanaweza kununua magodoro ya inchi 8 wiki moja, kwa bei zilizopishana sana, na baada ya mwaka, mmoja bado analala vizuri huku mwingine akiamka ameshika mgongo.

Magodoro mengi yanayouzwa Afrika Mashariki leo ni ya sponji, na sponji hiyo ni poliyurethani, kitu kilichoanza Ujerumani mwaka 1937 katika maabara ya mwanakemia Otto Bayer na wenzake. Kiwandani, kemikali mbili za majimaji huchanganywa pamoja na maji kidogo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi na kuumuka kama unga wa maandazi uliotiwa hamira. Ndani ya dakika chache uji ule umegeuka kuwa gogo kubwa la sponji, ambalo ndani lina joto la zaidi ya nyuzi 100 za Selsiasi. Gogo huachwa lipoe kwa saa nyingi, kisha visu vya mashine hulikata mapande ya inchi 4, 6, 8 au 10.

Hapo ndipo ilipo siri ya bei. Kemikali hununuliwa kwa fedha. Hewa ni ya bure. Kiwanda kinaweza kutengeneza gogo lenye kemikali nyingi na hewa kidogo, au gogo la ukubwa uleule lililojaa hewa. Kwa macho yanafanana. Kinachoyatofautisha ni uzito wa sponji kwa kila mita moja ya ujazo, ndicho kinachoitwa densiti madukani. Kwa kawaida sponji ya magodoro ya bei ya chini huwa na kilo 15 hadi 18 kwa mita ya ujazo, ya wastani hucheza kati ya 20 na 25, na ile nzito huanzia 28 au 30 kwenda juu. Majina kama "hai densiti" na "hevi duti" yanayoandikwa kwenye vitambaa ni majina ya biashara. Cha kuuliza ni namba.

Hesabu yake haihitaji kwenda chuo. Godoro la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8 lina mita za ujazo 0.57 hivi. Likiwa na densiti ya 16, sponji yake itakuwa na kilo 9. Likiwa na densiti ya 25, kilo 14. Likiwa na 30, karibu kilo 17. Sasa chukua magodoro mawili ya futi 5 kwa 6: moja la inchi 10 lenye densiti ya 16, jingine la inchi 6 lenye densiti ya 28. Lile nene lina kilo 11 na kidogo. Lile jembamba lina karibu 12. Mteja anayefuata inchi atabeba lile nene, afurahi kwa miezi michache, kisha aanze kuhisi chaga za kitanda mbavuni. Lile jembamba ndilo lenye mali nyingi ndani.

Mizani basi ni rafiki wa mnunuzi, ingawa peke yake inaweza kudanganywa. Wapo watengenezaji, katika nchi mbalimbali, wanaochanganya unga wa chokaa ndani ya sponji ili iongezeke uzito kwa gharama ndogo. Sponji ya namna hiyo hukatika kwa urahisi ikifinywa, na ikibonyezwa hainyanyuki haraka. Ipo pia sponji iliyoundwa kwa mabaki: vipande vya rangi mbalimbali husagwa, vikatiwa gundi na kugandamizwa. Hiyo ni nzito na ngumu kweli, na si kitu kibaya. Hutumika sana kama tabaka la chini la magodoro yanayoitwa ya mgongo. Ubaya unakuja pale inapofichwa, na mteja akalipia sponji mpya. Kwa hiyo godoro lenye zipu lifunguliwe, mtu aone. Sponji safi ni pande moja au matabaka yanayoeleweka, haina viraka vya gundi katikati. Alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, nayo itafutwe kwenye lebo, maana magodoro ya kuiga majina ya viwanda vinavyojulikana ni biashara iliyopo.

Uzito huo wa sponji usichanganywe na ugumu wake. Hivi ni vitu viwili. Densiti inahusu uimara, yaani godoro litadumu na umbo lake kwa muda gani. Ugumu unahusu linavyompokea mtu anapolala. Kiwanda kinaweza kutengeneza sponji nzito iliyo laini, na kinaweza kutengeneza nyepesi inayokakamaa siku ya kwanza halafu ikalegea mapema. Kiganja cha mteja dukani hupima ugumu wa siku hiyo tu.

Na kuhusu ugumu, ipo imani iliyoota mizizi: kwamba mwenye maumivu ya mgongo alalie kitu kigumu, ikibidi ubao. Wengi waliambiwa hivyo hata na watu wa afya. Mwaka 2003 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa daktari Francisco Kovacs na wenzake wa Hispania uliolipima jambo hilo kwa watu 313 waliokuwa na maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo. Walipewa magodoro mapya, nusu yao magumu na nusu ya ugumu wa wastani, bila kuambiwa nani kapata lipi. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani walikuwa na nafuu kubwa zaidi kuliko wenzao: maumivu kitandani, maumivu wakati wa kuamka, hata ugumu wa kufanya kazi za kila siku, vyote vilipungua zaidi upande wao.

Sababu haiko mbali. Mwili wa binadamu haukunyooka kama rula. Mabega na nyonga vimetokeza, kiuno kimeingia ndani. Anayelala ubavu juu ya godoro gumu mno hubebwa na bega na nyonga peke yake, ndiyo maana huamka mkono umekufa ganzi. Kwenye godoro laini mno, nyonga huzama na uti wa mgongo hupinda usiku kucha. Linalofaa ni lile linaloruhusu bega na nyonga vizame kidogo huku kiuno kikiegemezwa. Anayelala chali anaweza kuchukua gumu zaidi ya hapo. Anayelala kifudifudi anahitaji lisilozama tumboni, ingawa shingo yake itaendelea kulalamika, kwa kuwa imegeuzwa upande mmoja saa zote.

Uzito wa mlalaji nao una neno lake. Godoro ambalo mtu wa kilo 50 analiita gumu, mwenzake wa kilo 95 atasema limemmeza. Kwa wanandoa waliopishana sana, mzito hufanya bonde na mwepesi huviringika kulifuata. Kwao ni vyema kuchagua sponji nzito inayomfaa yule mkubwa, kisha kuongeza kitandiko laini cha juu upande wa mwepesi, au kuweka magodoro mawili membamba sambamba kwenye kitanda kimoja. Hakuna aibu katika hilo.

Kipimo kizuri kuliko vyote hakina gharama: kulilalia. Vua viatu, lala chali kwa dakika kumi, kisha pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita kwa nafasi kubwa, pameachwa uwazi, godoro ni gumu mno kwako. Kisipopita kabisa, umezama. Kikipita kwa kugusagusa, hapo pana matumaini. Halafu geuka ubavu, na uliyefuatana naye asimame nyuma atazame: mstari wa mgongo uwe umenyooka kutoka shingoni hadi nyonga.

Kulala dukani mbele za watu si jambo jepesi kwa kila mtu, hasa kwa mama aliyejifunga khanga zake, huku barabara yote ikitazama. Maduka yanayojali wateja yanaweza kutenga chumba cha ndani kwa ajili hiyo, na mnunuzi ana haki ya kukiomba. Ikishindikana, iko njia nyingine: pale mtu anapolala vizuri ugenini, kwa shangazi au kwenye gesti, asubuhi afunue shuka asome lebo. Ile ni habari ya kuaminika kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Sponji haikuwapo siku zote. Pwani ililalia sufi, na wapo wanaoilalia hadi leo. Msufi ni mti mrefu. Vibuyu vyake hupasuka kiangazi na kutoa nyuzi nyeupe zinazong'aa, ambazo fundi huzichambua kutoa mbegu na kuzishindilia kwenye mfuko wa kitambaa kizito cha mistari. Kila unyuzi uko wazi ndani na umepakwa nta kwa nje, ndiyo maana sufi haishiki maji kwa urahisi na zamani ilijazwa hata kwenye maboya ya kujiokolea melini. Katika usiku wa joto la Tanga au Lamu, godoro la sufi halimchemshi mtu. Kasoro yake ni kwamba hujikusanya mabonge, likahitaji kuanikwa juani na, baada ya muda, kupelekwa tena kwa fundi lifumuliwe na sufi ichambuliwe upya. Mwenye pumu nyumbani ajihadhari na vumbi lake. Ila kazi hiyo ya ufundi ina thamani ambayo sponji haina: godoro la sufi hutengenezeka, la sponji likishaharibika huishia jalalani.

Joto hilohilo ndilo la kufikiriwa na anayevutiwa na memori fomu, sponji ile inayobonyea taratibu na kubaki na alama ya mkono. Ilibuniwa mwaka 1966 kwenye mradi wa NASA, shirika la anga la Marekani, na mhandisi Charles Yost, kwa ajili ya viti vya ndege. Hulainika kwa joto la mwili, na aina nyingi hulizuia joto hilo lisitoke. Kwa mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam asiye na kiyoyozi, mwezi wa Februari, hilo ni tatizo. Kwa mkazi wa Njombe au Limuru ni jambo jingine, ingawa naye usiku wa Julai atalikuta limekakamaa mpaka mwili ulipashe.

Magodoro ya springi hupitisha hewa vizuri, na hilo ni faida ya wazi Pwani. La kuuliza ni kama kila springi imefungwa kwenye mfuko wake, maana hapo mmoja akijigeuza mwenzake hatikisiki, au kama zote zimefungamanishwa kwa waya. Na juu ya springi kuna nini? Tabaka jembamba la sponji nyepesi likichoka, waya huanza kuhisika. Baadhi ya magodoro mazuri huwa na tabaka la katani hapo, zao lilelile la mkonge lililoipa Tanga umaarufu. Lateksi, itokanayo na utomvu wa mpira, hudumu na hurudi haraka inapobonyezwa, lakini ni nzito na ghali, na madukani kwetu ni nadra.

Kitanda chenyewe husahaulika. Seremala akitaka kubana mbao huweka chaga chache zilizoachana, na sponji huanza kubonyea katikati ya mapengo hayo, kisha lawama zote humwangukia mwenye kiwanda. Mapengo yasizidi inchi 3, na kitanda cha futi 5 au 6 kiwe na boriti ya katikati iliyosimama kwa mguu wake. Mwenye shaka alitoe godoro alilaze sakafuni kwa siku moja au mbili. Bonde likitoweka, mbovu ni kitanda. Waliofunika chaga kwa plaiwudi nao waitoboe matundu, kwani godoro lisilopumua upande wa chini hushika ukungu. Wanaolala na godoro sakafuni walisimamishe ukutani kila asubuhi kwa sababu hiyohiyo.

Halafu kuna nailoni. Katika nyumba nyingi godoro jipya halivuliwi kamwe ile nailoni ya kiwandani, ili lisichafuke. Matokeo yake mlalaji hutota jasho, shuka hazitulii, na unyevu hubaki ndani. Ivuliwe. Anayehofia mtoto anayekojoa anunue kava lisilopitisha maji linalofulika, au atandike mpira upande wa mtoto tu. Godoro la sponji lipewe hewa mara kwa mara, lakini lisiachwe kutwa kwenye jua kali. Mionzi huifanya sponji iwe ya njano na kuichosha. Ligeuzwe pia kichwa kwenda miguuni kila baada ya miezi michache.

Kunguni ni sababu tosha ya kufikiri mara mbili kabla ya kununua godoro lililotumika. Hujificha kwenye mishono, chini ya lebo na kwenye maungio ya chaga, wanaweza kukaa muda mrefu bila kula, na wengi wameshazoea dawa za kupuliza. Kinachowaua bila ubishi ni joto la nyuzi 50 na zaidi, ndiyo maana maji yanayochemka kwenye maungio ya kitanda bado ni silaha. Vita hivi ni vya zamani sana. Katika pango la Sibudu, Afrika Kusini, mwanaakiolojia Lyn Wadley na wenzake walifukua malazi ya nyasi yenye umri wa miaka 77,000, na juu yake yalikuwa yametandikwa majani ya mti wenye kemikali za kufukuza wadudu. Watu wale walijua walichokuwa wakifanya.

Jambo la moto lisipuuzwe. Sponji ya poliyurethani ikishika moto huwaka upesi na kutoa moshi wenye sumu unaoweza kuua kabla miali haijamfikia mtu. Mshumaa, dawa ya mbu ya kuwasha na sigara vikae mbali na kitanda. Na kwa habari ya mbu: godoro la inchi 12 juu ya kitanda kirefu huinyanyua shuka kiasi kwamba chandarua kifupi hakichomekeki. Chandarua kisichochomekwa hakimsaidii mtu. Vipimo hivi viwili vinunuliwe kwa kufikiriana.

Mtoto mchanga hatakiwi kulazwa kwenye godoro laini. Alazwe chali, kwenye godoro gumu lililo bapa, bila mito wala mablanketi mazito karibu na uso, kwa kuwa godoro linalobonyea linaweza kumziba pumzi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza naye ana mahitaji yake: godoro la hewa linalobadilisha mgandamizo husaidia, lakini halichukui nafasi ya mikono ya kumgeuza mara kwa mara ili asipate vidonda. Na mwenye maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi ya miguu au kushindwa kuzuia mkojo aende hospitali mara moja. Huyo tatizo lake si godoro.

Wanaoonewa zaidi katika biashara hii ni wanafunzi wa bweni. Orodha ya shule husema godoro la futi 2½ kwa 6, mzazi hutafuta la bei ya chini kabisa, na kijana aliye katika umri wa kukua, anayehitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, hulalia sponji ambayo kabla mwaka haujaisha imelala kabisa juu ya nyavu za chuma. Mzazi mwenye fedha za kutosha godoro moja tu achukue la inchi 4 lenye densiti kubwa, aache la inchi 6 lililo jepesi.

Viwanda vikichapa namba ya densiti kwa herufi kubwa kwenye kila godoro, na TBS na KEBS zikisimamia namba hiyo iwe ya kweli, nusu ya malalamiko haya yataisha. Mpaka hapo, msomaji, nenda dukani na mtu wa kukutazama mgongo, omba mizani, fungua zipu, hakikisha densiti imeandikwa kwenye risiti, na soma kadi ya dhamana inasema nini kuhusu godoro kubonyea. Muuzaji akikataa hata kulipima, nenda duka la pili.